Kuingia Msituni Kabla ya Kuota Kilele

Ukisimama sokoni Kiboriloni asubuhi ya mwezi wa saba au wa nane, kabla mawingu hayajafunga, Kibo inaonekana yote. Watu wa hapa wameiona hivyo tangu utotoni. Lakini muulize muuza mitumba, dereva wa bajaji au hata katekista kama amewahi kupita geti la hifadhi, wengi watacheka. Mlimani huenda Wazungu, na Mwafrika anayekwenda huko huenda na mzigo kichwani. Ndivyo tulivyozoea kuona.

Mazoea hayo yana hasara. Tunaishi kwa maji ya msitu tusioujua. Tunalumbana na askari wa hifadhi juu ya mpaka ambao wengi wetu hatujui ulianzaje. Na vijana wetu wakipata nafasi ya kupanda, wanataka kilele tu, tena haraka, na wapo wanaorudi wamebebwa. Kila likizo waseminari na vijana wa VIWAWA huuliza kama safari ya mlimani inawezekana kwa fedha ya kawaida. Inawezekana, na ushauri wangu ni kwamba waanze na safari ya siku moja: geti la Marangu hadi Mandara, na kurudi. Makala hii inaeleza kwa nini Mandara, mtu ajiandae vipi, na mwenyeji aangalie nini ambacho mtalii hupita bila kukiona.

Mpaka ulikotoka

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilitangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi mwaka 1977. Mwaka 1987 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Mwanzoni hifadhi ilianzia juu, kwenye kimo cha kama mita 2,700. Msitu uliokuwa chini ya hapo ulikuwa hifadhi ya misitu yenye mamlaka yake. Mwaka 2005 msitu huo nao ukaingizwa ndani ya hifadhi ya taifa. Ndiyo maana wazee wanakumbuka mpaka mmoja na vijana wanaonyeshwa mwingine.

Kati ya vihamba na msitu kuna ukanda unaoitwa Nusu Maili. Ulitengwa mwaka 1941, wakati wa Waingereza, ili Wachagga wapate kuni, majani ya mifugo na mbao bila kuugusa msitu mkubwa. Upana wake ni kama jina lake linavyosema, yaani mita 800 hivi. Aliyekulia Mbokomu au Old Moshi hahitaji kuelezwa maana ya ukanda huo. Ng'ombe wa kihambani hatoki zizini. Majani ndiyo yanayomfuata, na anayeyafuata majani mara nyingi ni mama, mwenye mundu mkononi na kamba begani. Kwa hiyo mpaka ukisogezwa, kinachoguswa ni zizi na jiko, si ramani peke yake.

Upande wa pili nao una hoja yake. Uchunguzi uliofanywa kutoka angani mwaka 2001 ulionyesha maelfu ya miti ya asili iliyokuwa imekatwa kinyume cha sheria, hasa miti mikubwa yenye mbao nzuri. Aliyekuwa anakata miti hiyo si mama mwenye mundu. Alikuwa na msumeno, gari na mteja. Sikusudii kuamua kesi hiyo hapa. Ninachosema ni kwamba anayetaka kuisimamia hoja hiyo kwenye mkutano wa kijiji, kwa upande wowote, ni vizuri awe ameingia msituni na kuuona kwa macho yake.

Tena msitu huo ndio wenye maji. Tumezoea kusema kwamba maji yetu yanatoka kwenye theluji ya Kibo, na watoto wanafundishwa hivyo. Hesabu inakataa. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 11. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Kipande kidogo kiasi hicho hakiwezi kulisha mito yote inayoshuka upande wetu mwaka mzima. Sehemu kubwa mno ya maji hutokana na mvua inayonyesha juu ya msitu. Upande wa kusini mvua huwa nyingi kuliko kwingine kwenye kimo cha kama mita 2,200, ambako katika mwaka mmoja hunyesha zaidi ya mara mbili ya mvua ya Moshi mjini. Juu ya hayo kuna ukungu. Ukungu hauonekani kuwa mvua, lakini ukipita katikati ya miti hugonga majani na yale manyoya ya kijani na kijivu yanayoning'inia kwenye matawi, ukageuka matone, na matone yakashuka ardhini. Udongo wa msitu huyapokea maji hayo na kuyaachia taratibu, yakatokea chini kwenye chemchemi. Mifongo ambayo mababu walichimba na kuigawana kwa zamu inaanzia huko. Mito ya upande huu huenda mbali: kwenye miwa ya TPC Arusha Chini, kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na mwisho kwenye mto Pangani na mitambo yake ya umeme.

Barafu inayopungua inahuzunisha, na magazeti ya nje huiandika kila mwaka. Mkulima wa migomba wa Kirua au Kilema anapaswa kuhofia zaidi moto. Oktoba 2020 moto mkubwa uliunguza maelfu ya ekari upande wa juu ya msitu, kwenye vichaka vya upande wa Marangu, na Oktoba 2022 ukawaka tena upande wa Karanga. Vichaka hivyo vya juu ndivyo vinavyozuia ukungu wa mwisho kabla ya jangwa la mlima kuanza.

Kutoka Kiboriloni hadi Maundi

Njia za kupandia ni kadhaa: Machame, Umbwe, Lemosho, Rongai na Marangu, ya Mweka hutumika kwa kushukia. Kwa kikundi cha parokia nachagua Marangu bila kusita. Ni njia nzuri ya kutembea, ina vyoo, na Mandara kuna vibanda vya mbao vya kujikinga mvua. Waongoza watalii huiita njia ya Coca-Cola, kwa sababu vibandani soda huuzwa. Jina lina dharau kidogo ndani yake, kana kwamba njia hii ni ya walegevu. Msilijali.

Kutoka Kiboriloni mnapanda gari la kwenda Himo, mnapita Uchira, na Njia Panda ya Himo mnaelekea juu hadi Marangu Mtoni. Kutoka hapo kuna magari madogo yanayopanda hadi getini, kimo cha kama mita 1,870. Mkiwa kikundi kikubwa ni nafuu kukodi Costa moja kutoka hapa hadi getini na kurudi nayo. Mkiwa njiani, upande wa kushoto juu kuna Kilema, ambako mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misioni mwaka 1890, na ambako miche ya kahawa ya kwanza ya eneo hili ilipandwa. Mwaka mmoja kabla yao, tarehe 6 Oktoba 1889, Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo wakipitia Marangu. Vitabu vya Ulaya viliandika majina hayo mawili. Marangu inalikumbuka pia jina la Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa hapo aliyewaonyesha njia, ambaye aliishi hadi mwaka 1996.

Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na kile cha mgeni kinachotozwa kwa dola. Sharti ni kuthibitisha uraia, kwa hiyo kila mtu abebe kitambulisho cha taifa, na wanafunzi wabebe vitambulisho vyao vya shule. Fedha taslimu haipokelewi mkononi. Malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba, kama malipo mengine ya serikali. Viwango hubadilika, basi kiongozi wa kikundi aulize ofisi ya KINAPA wiki moja au mbili kabla, asitegemee alichosikia kwa waliokwenda mwaka jana. Hakuna anayeruhusiwa kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Msimwone kama gharama ya bure, nitaeleza mbele.

Chagueni siku ya Jumamosi, ili Jumapili watu wawe parokiani mwao, tena wapumzike. Miezi mizuri ni Januari na Februari, au kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Oktoba. Masika, yaani Machi hadi Mei, njia huwa tope tupu na mlima hauonekani.

Kutoka getini hadi Mandara ni kilomita 8. Mtu anayetembea taratibu hutumia saa tatu hadi nne kupanda, na mbili au zaidi kushuka. Sehemu ya kwanza ina njia mbili, moja ya wapagazi na magari ya huduma, nyingine ya wageni inayoingia ndani ya msitu. Ombeni ya pili. Kuna giza la kijani humo, na sauti ya maji upande mmoja au mwingine karibu muda wote. Mbega huruka juu na mikia yao mirefu myeupe, na kima wako chini yao, wenye udadisi zaidi na adabu ndogo zaidi. Pembeni mwa njia, palipo na unyevu, kuna ua dogo jekundu na njano lenye mkia uliopinda kama mkonga wa tembo. Halioti kokote duniani ila kwenye mlima huu. Watu husafiri siku mbili kwa ndege kuja kulipiga picha. Sisi tumezaliwa kilomita 30 kutoka lilipo. Na mti mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika uko kwenye bonde moja la mlima huu huu. Ni wa ukoo wa mkangazi, na una mita 81.5. Hauko kwenye njia ya Mandara, lakini ukiujua hutaitazama tena miti ya hapa kwa macho yale yale.

Katikati ya safari kuna mahali pa kupumzikia panapoitwa Kisambioni. Hapo ndipo pa kula. Msibebe vyakula vya dukani vyenye makaratasi mengi. Ndizi za kuiva, mayai ya kuchemsha, chapati, parachichi na chai ya tangawizi kwenye chupa vinatosha na vinazidi. Chupa za plastiki za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo maji yabebwe kwenye chupa za kudumu, lita mbili kwa kila mtu.

Mandara iko mita 2,720. Jina lake ni la Mangi Rindi wa Moshi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Mandara, aliyefariki mwaka 1891. Wajerumani walipojenga kibanda hapa walikiita cha Bismarck, na kile cha juu yake, mita 3,720, wakakiita cha Carl Peters. Leo cha juu ni Horombo, kwa jina la Mangi Orombo wa Rombo. Mtu wa Kiboriloni ana sababu ya kuyajali majina hayo, kwa maana barabara inayopanda kutoka kwetu kwenda Kidia na Tsuduni inafika kwenye nchi ya Rindi mwenyewe. Huko ndiko mwanawe, Mangi Meli, aliponyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake. Watalii hulala Mandara bila kuambiwa hayo. Kikundi chenu kikiwa na mtu mmoja anayeijua historia, aisimulie hapo, watu wakiwa wamekaa na kikombe cha chai.

Msirudi bila kufika Maundi, dakika 15 au 20 mbele ya vibanda. Ni kreta ndogo ya kale, imeota nyasi, na juu ya ukingo wake msitu unaishia ghafla na nchi ya vichaka inaanza. Kukiwa hakuna wingu utaiona Kibo na Mawenzi kwa pamoja, na upande wa mashariki nchi tambarare ya Taveta na ziwa Jipe. Bibi zetu walisema Mawenzi alikuwa na tabia ya kuacha moto wake uzimike ili aende kuomba kwa Kibo, na kila akienda alipewa chakula. Siku moja alikwenda mara nyingi mno, Kibo akachoka, akampiga na mchi. Ndiyo maana kichwa chake kimechanika. Wanajiolojia wana maelezo yao: Mawenzi ni volkano ya zamani zaidi kuliko Kibo, nayo imeliwa na mvua na barafu kwa muda mrefu zaidi. Hadithi ya bibi bado ndiyo inayokumbukwa.

Mwili unapopungukiwa hewa

Sasa suala linaloua. Watu husema juu hakuna oksijeni. Si hivyo. Hewa ya Uhuru, mita 5,895, ina oksijeni kwa kiwango kile kile cha sehemu 21 kwa mia kama hewa ya Tanga. Tofauti ni msukumo. Hewa ya juu ni nyepesi kwa sababu haina uzito wa hewa nyingine juu yake, kwa hiyo kila pumzi inaingiza kiasi kidogo. Mandara unapata karibu robo tatu ya kile unachopata pwani. Horombo, theluthi mbili kasoro. Uhuru, kama nusu.

Mwili una namna ya kujirekebisha. Unapumua haraka zaidi, moyo unapiga haraka zaidi, figo zinabadilisha kazi yake, na baadaye damu yenyewe inaongeza chembe zinazobeba oksijeni. Lakini hayo yanahitaji siku kadhaa, na hayaharakishwi kwa mazoezi wala kwa ujana. Hapo ndipo vijana wetu wanapokosea. Kijana mwenye mapafu ya mpira wa miguu ana uwezo wa kufika haraka mahali ambapo mwili wake haujawa tayari kuwepo. Mzee anayejikongoja hana uwezo huo, na mara nyingi ndiye anayesalimika. Wala kuzaliwa Kibosho au Mamba hakukukingi. Vijiji vyetu viko mita 1,200 au 1,500, na kimo hicho hakitoshi kuuandaa mwili kwa mita 4,700 za kibanda cha Kibo. Maneno "pole pole" mnayoyasikia njiani yamegeuzwa kibwagizo cha watalii, lakini ni dawa.

Ugonjwa wa kimo huanza na maumivu ya kichwa, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida, kukosa hamu ya kula na usingizi mbaya. Kwa wengi huanzia juu ya mita 2,500, na kwa hiyo hata Mandara anaweza kupatikana mmoja mwenye kichwa kinachouma. Mwenye dalili hizo asipande zaidi hadi ziishe, zikizidi ashuke. Kuna hali mbili za hatari kubwa. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anapepesuka kama mlevi, anaongea visivyoeleweka, anasinzia. Ya pili ni mapafu kujaa maji: anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, na kikohozi kinaleta povu. Katika hali hizo hakuna kungoja asubuhi wala kumpa vidonge na kumwombea aendelee. Ni kushuka, saa ile ile, hata kama ni usiku. Hii ndiyo sababu ya mwongozaji. Amewaona wengi, na anajua macho ya mtu anayesema "mimi niko sawa" huku hayuko sawa. Mtiini. Njia ya Marangu ina machela za gurudumu moja kwa ajili ya kushusha wagonjwa, na ukiiona moja ikipita mbio na watu wanne wakiishika, utaelewa kuliko maelezo yangu.

Kuna jambo jingine ambalo maelezo ya watalii hayalisemi kwa sababu hayakuandikwa kwa ajili yetu. Ni selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande mlima. Hewa nyepesi inaweza kuamsha maumivu makali na hatari. Mwenye kurithi kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida ni mzima, huenda hata hajijui, lakini kwenye kimo kikubwa anaweza kupata maumivu ya ghafla upande wa kushoto chini ya mbavu, kwenye wengu. Kwa hiyo mwenye ndugu mwenye selimundu apime kabla ya kufikiria safari ya kilele, na azungumze na daktari. Vivyo hivyo mwenye shinikizo la damu, pumu, ugonjwa wa moyo au mimba. Kiongozi wa kikundi aulize mambo haya faraghani, mmoja mmoja, siku kadhaa kabla. Akiuliza mbele ya wote, hakuna atakayejibu ukweli.

Hatari ya safari ya Mandara yenyewe, kwa kweli, ni baridi na mvua kuliko kimo. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Kutoka Moshi hadi Mandara ni tofauti ya nyuzi 11 hivi, na ukilowa huhisi zaidi. Jinzi na fulana za pamba hunyonya maji na kuyashikilia. Hapa ndipo Kiboriloni inapowazidi hata maduka ya vifaa vya milima: soko letu la mitumba lina sweta nzito za nailoni, makoti ya mvua na viatu vya kutembelea kwa bei ambayo mtalii hawezi kuiamini. Nunueni mapema, na viatu mvivae wiki mbili kabla.

Wagumu na wanaapolo

Kwa kijana wa Moshi asiye na kihamba cha kurithi wala ada ya chuo, kwa miaka mingi kumekuwa na njia mbili zinazosimuliwa vijiweni. Moja inapanda mlimani. Nyingine inashuka Mererani.

Tanzanaiti ilianza kuchimbwa Mererani mwaka 1967, upande wa Simanjiro, kusini-magharibi kwetu, na hadi leo haijapatikana mahali pengine duniani. Wachimbaji wake huitwa wanaapolo. Wamekuwa wakiteremka kwenye mashimo ya mamia ya mita, wengi bila mshahara, wakila kwa mwenye mgodi na kungoja siku jiwe litakapotoka. Watoto waliotumwa kupenya kwenye matundu membamba waliitwa nyoka. Aprili 1998 mvua za El Niño zilifurika mashimoni na kuua wachimbaji wengi, na msiba mwingine wa aina hiyo ukaja Machi 2008. Mwaka 2018 eneo lilizungushiwa ukuta wa zaidi ya kilomita 24. Wapo waliotajirika, na nyumba zao zinaonekana. Wasiotajirika hawana nyumba za kuonyesha, ndiyo maana simulizi za vijiweni huwa za upande mmoja.

Mlimani wapagazi hujiita wagumu. Si ajabu kumkuta mgumu aliyewahi kuwa mwanaapolo, na ukimuuliza kwa nini alihama, jibu lake huwa fupi: mlimani hujui utapata kiasi gani, lakini unajua utapata. Kazi yenyewe ni ngumu kama jina lake. Sheria ya hifadhi inaruhusu kilo 20 za mzigo wa mgeni kwa mpagazi mmoja, mbali na vitu vyake, na mizigo hupimwa getini. Wapo wanaodanganya mizani kwa kugawana mzigo getini na kuurundika kwa mmoja wakishapita. Wapo wanaopanda hadi mita 4,700 na viatu vya kawaida na koti la kuazima. Kimo hakiwabagui, mpagazi naye huumwa, naye huwa na haya ya kusema, kwa sababu akishushwa huenda asiitwe safari ijayo.

Mtofautishe mambo mawili. Jiwe likishatoka ardhini limetoka. Shimo lile haliwezi kulizaa tena. Mlima unalipa kila mwaka, ila unalipa kwa sababu upo kama ulivyo, na msitu wake. Mgumu anayewasha moto kwenye vichaka vikavu vya Oktoba ili apashe chakula anaichezea ajira yake na mfongo wa mama yake kwa kiberiti kimoja.

Kikundi cha parokia kinachokwenda Mandara kwa siku moja hakihitaji wapagazi wengi. Kila mtu anaweza kubeba begi lake, na kwa waseminari ningesema abebe. Lakini mkiajiri mmoja au wawili wa kubeba chakula na sanduku la huduma ya kwanza, patanani malipo mbele yake yeye mwenyewe, si kwa mwongozaji pekee, na mkirudi mumpe mkononi. Waulizeni majina. Huenda mmoja wenu akakuta ni mtoto wa jirani, au mwimbaji wa kwaya ya kigango cha pili, aliyekuwa akikosekana mazoezini bila mtu kujua alikuwa wapi.

Pangeni kuondoka Mandara saa nane mchana, si baadaye. Kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda, mvua za alasiri ni za kawaida hata kiangazi, na ndani ya msitu giza huingia mapema kuliko barabarani. Mwongozaji atatembea nyuma ya mtu wa mwisho. Mwenye kasi asimtangulie kikundi kwa zaidi ya umbali wa kusikilizana sauti. Getini mtahesabiwa tena na kutia sahihi kwenye daftari, na kama gari lenu si la kukodi, shukeni moja kwa moja Marangu Mtoni, kwa kuwa magari ya Himo hupungua jua likizama.